Firigisi Ilikuwa ya Nani?

Malaba,
9 Machi 2025

Kwa Babu yangu, Mzee Wabwire,

Mulembe, Babu. Mguu wa Kukhu umeamkaje? Mwambie huyo mkeo ile dawa niliyomtumia ni ya kupaka, si ya kunywa, asinitie wasiwasi huku mbali. Sisi wa Malaba tuko sawa, ila vumbi na honi. Juzi foleni ya malori ya kuvuka Uganda ilifika mpaka mbele ya duka la Mama mdogo Terry, madereva wakashinda hapo wakinywa soda na kulaani kila mtu. Masomo ya kompyuta yanaendelea. Sasa naandika bila kutazama vidole.

Najua unashangaa kwa nini nimeandika barua kama mtu wa zamani na simu iko. Babu, simu yako unaiweka laudispika. Mara ya mwisho nilikuambia tumbo linaniuma, na kufika Jumapili kwaya nzima ilikuwa imenitumia pole. Hili la leo silitaki lifike soko la Bumala kabla halijakufikia wewe. Ndiyo maana nimempa barua Chrispine, dereva wa Probox, na kumwambia aiweke mkononi mwako, si kwa mkono wa mtu mwingine.

Babu, sitaki kwenda Nairobi.

Ngoja, usirushe barua. Hapa Chakol kuna chuo kinaitwa Mtakatifu Isidori. Ni kidogo, sitakudanganya. Kina madarasa machache, maabara moja, zizi, na nguruwe wengi kuliko wanafunzi. Wanafundisha afya ya mifugo kwa diploma. Nilienda siku ya wageni, na mwalimu mmoja, Bi Ekwaro, akanipa glavu akaniambia nishike mguu wa mbuzi ambaye ukwato wake ulikuwa umeoza, na nisimwachie hata akinipiga teke. Alinipiga, sikumwachia. Nilirudi nyumbani nikinuka vibaya, na aki Babu, sikutaka kuoga.

Unakumbuka ule ugonjwa ulipoingia kwa nguruwe za huku? Watu walizika mifugo yao kwa shimo moja wakimngoja daktari ambaye alikuwa mmoja kwa eneo zima, sasa angefika kwa nani kwanza? Mimi nataka kuwa mtu anayefika.

Kwa chuo kikuu cha Nairobi tuliandika Uchumi na Takwimu. Kusema ukweli mliandika wewe na Anko Geoffrey, mimi nilikuwa nimeketi kando pale saiba, penye kompyuta za kukodi, nikila mandazi. Sijui hata mtu wa takwimu akiamka asubuhi huwa anashika nini.

Nimeshabadilisha kwa mtandao. Isidori sasa ndilo chaguo la kwanza. Siku za kubadilisha zinaisha Mei, kwa hivyo ukitaka kunigombeza una nafasi ya kutosha. Lakini nataka baraka zako kabla mtandao haujafungwa.

Mjukuu wako,
Brendah


Butula, Marachi,
23 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Brendah Makokha,

Mulembe. Chrispine aliifikisha barua, ingawa alisimama hapo mlangoni akingoja niifungue mbele yake, mtu mwenye udaku sana yule. Kukhu yako Roselida anasema dawa aliinywa mara moja tu na haikumdhuru. Mahindi tumepanda, mvua inakuja kwa kusitasita. Yule ndama mweusi amepona kuhara. Geoffrey yupo, anakusalimu.

Salamu zimeisha.

Nilikuwa karani wa chama cha pamba hadi pamba yenyewe ikafa, nikasoma barua za wezi, za mawakili na za wajane. Sijapata kusoma upuuzi ulioandikwa kwa hati nzuri namna hii. Ati unataka kuwa mtu anayefika! Nani alikuambia mtu anafika akienda nyuma?

Umesahau ya Januari? Matokeo yako yalipotoka nilichinja jogoo mkubwa, nikaita ukoo, nikaita na kanisa. Sahani ilipoletwa na firigisi juu yake, kila mtu alijua ni yangu, na nikiikataa ni ya Geoffrey. Hapa kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Mama yangu aliyenizaa alikufa mkongwe bila kujua ladha yake, na alizipika maisha yake yote. Mimi Wabwire nikaishika kwa mkono huu nikakupa wewe, msichana, mbele ya watu. Binamu yangu alichukua kofia akaenda zake kabla ya chai. Mpaka leo tukikutana kanisani anaangalia sanamu ya Mtakatifu Yosefu nisije nikamsalimu.

Nilisimama nikasema nini? Nilisema mwanangu Makokha alikufa, lakini mtoto wake yuko hapa, ndiye anayekwenda chuo kikuu Nairobi, na sehemu ya baba yake ataila yeye. Hayo nilisema kwa mdomo wangu, na katekista akapiga makofi.

Na wewe uliikula! Ulitafuna ukalamba na vidole. Sasa umekula firigisi ya watu ndipo unaniandikia habari ya kushika miguu ya mbuzi? Hapa nyumbani mbuzi hawana miguu? Diploma! Kwa alama zile! Hata mwalimu wako mkuu akisikia atafikiri umerogwa.

Halafu iwe Chakol, katika pande zote za dunia. Nilikuruhusu kukaa Malaba kwa Terry, dada mdogo wa mama yako, kwa sababu ya kompyuta. Sikukuruhusu kwenda Chakol. Nani alikupeleka kwa hiyo siku ya wageni? Umeandika mpaka teke la mbuzi, hilo hukuliandika. Sitauliza mara ya pili.

Rudisha Nairobi mahali pake. Nilikuwa nikikuita bibi yangu mdogo, leo sikuiti hivyo.

Ni mimi,
Wabwire


Malaba,
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Kwa Babu,

Mulembe kwako na kwa Kukhu. Leo kanisani padri amehubiri juu ya subira, nikajua amesoma barua yako. Mama mdogo Terry amepata homa lakini anaendelea vizuri, mimi ndiye niko dukani. Nimefurahi ndama amepona. Mlimpa nini? Mtu aniambie, maana nikiuliza swali kama hilo ndiyo mnaita upuuzi.

Babu, kwa hivyo ile firigisi ilikuwa ya Nairobi? Kumbe! Mimi mjinga nilifikiri ilikuwa yangu. Kama ilikuwa ya Nairobi si ungeifunga kwa karatasi ukaituma na basi la usiku?

Unajua siku ile ilikuwa nini kwangu? Wamama wote waliacha kupakua. Nilitafuna nikijua kila mtu anahesabu meno yangu. Jioni tulipokuwa tunaosha sufuria, Kukhu aliniita kando akaniuliza kwa sauti ya chini, ati, "Ina ladha gani?" Amepika firigisi zako tangu akiwa msichana, Babu, na aliniuliza mimi. Nikamwambia ni ngumu kidogo na ina utamu kwa mbali. Tukacheka mpaka akashika ukuta. Nikasema moyoni, Babu amefanya kitu hapa, Babu si kama wazee wengine. Sasa unaniandikia kwamba niliikula kwa mkopo, na mkopo wenyewe ni kozi ambayo sikuichagua!

Na kwa vile tumeanza kusema, acha niseme. Anko Geoffrey alienda hiyo Nairobi. Chuo kikubwa, joho, kofia ya mraba, picha iko sebuleni juu ya redio na kitambaa cha kufuma chini yake. Alisoma Uhusiano wa Kimataifa. Leo ananyoa watu Bumala, na stima ikipotea anaketi nje kwa stuli. Mbona hilo halisemwi? Mgeni akija mnamwonyesha picha, hamumwonyeshi kinyozi. Simdharau Anko hata kidogo, ananyoa vizuri na hajawahi kumwomba mtu kitu. Kinachonikasirisha ni kwamba boma zima linajua, na bado mnataka nipite njia ile ile huku mnanipigia makofi.

Nikimaliza Isidori nitakuwa na kazi kabla sijavua buti. Wakulima wa huku wanawangoja wanafunzi getini wakiwa bado hawajamaliza.

Uliuliza nani alinipeleka. Nilienda na watu wa huku. Hilo si swali la masomo.

Pasaka njema, hata kama umenuna.

Brendah


Butula,
18 Mei 2025

Kwa Brendah,

Tu wazima. Maharagwe yamekubali. Kukhu ameanza kutembea bila fimbo mpaka kisimani. Ng'ombe yule mwekundu tumemuuza.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Niliiacha mezani, na Geoffrey akaisoma. Alienda kwa kazi yake ya kunyoa bila kunywa chai, na siku hizi anarudi watu wakiwa wamelala. Umefurahi? Uliandika ukiwa mbali, sisi ndio tunaoishi naye.

Maneno yamekuwa mengi na mimi si mtu wa maneno mengi. Nimeyamaliza. Nywila yako ya mtandao Geoffrey anaikumbuka kwa sababu ndiye aliyeitunga. Juzi, siku ya mwisho ya kubadilisha, nilimtuma saiba airudishe Nairobi juu na hiyo Isidori aitoe kabisa. Alirudi jioni akaniambia imekuwa. Sasa mtandao umefungwa na hatuna tena la kubishania.

Utakuja kunishukuru ukiwa na ofisi. Rudi nyumbani Juni tutayarishe sanduku.

Wabwire


Malaba,
25 Mei 2025

Mzee Wabwire,

Leo sina salamu. Namsalimu Kukhu peke yake.

Umeniibia. Sitatafuta neno lingine, hilo ndilo lenyewe. Nilikimbia saiba na barua yako mkononi. Mtandao haufunguki, hauonyeshi chochote mpaka majibu ya Julai. Uliniacha niandike, nieleze, nikubembeleze na vichekesho, na wewe ulikuwa unangoja siku ya mwisho ili nisiwe na pa kukimbilia. Hivyo ndivyo mlivyokuwa mnafanya kule kwa chama cha pamba? Mlikuwa mnamngoja mkulima mpaka dirisha lifungwe?

Sasa nitajibu swali lako la Machi. Aliyenipeleka Chakol ni Mama. Mama yangu, Benedetta Alinga. Haya, nimeandika jina lake, na kalamu haikuungua. Katika boma lako sijawahi kulisikia. Mnasema "wale wa huko", kama mtu anayetaja ugonjwa. Tangu nifike Malaba kila Jumamosi nalala kwake. Anafuga nguruwe na mbuzi wachache. Siku ya kwanza alinipikia mpaka sufuria zikaisha, kisha akakaa mbali akiniangalia nikila. Hatukujua tuongee nini, tukaongea juu ya nguruwe. Ndivyo nilivyoanza kuwapenda, kama unataka kujua.

Ameniambia yote, na hakulia, mimi ndiye nililia. Baba alipozikwa, wazee walimketisha wakamwambia achague shemeji mmoja amrithi, ama achague barabara. Akachagua barabara. Mkamwambia barabara ni yake lakini mtoto ni wa Marachi. Na nilipokuwa darasa la tano alikuja kuniona na sweta, akasimama getini juani, na wewe ukamwambia mtoto yuko shule. Babu, ilikuwa Jumamosi! Nilikuwa nyuma ya jiko nikichambua mboga. Nakumbuka sauti ya mwanamke akisema, "Basi mpeni hii." Sikuijua ile sauti. Nilikuwa na mama getini nikaendelea kuchambua mboga.

Unaniambia nimekula firigisi ya watu. Na nyinyi mlichokula cha mama yangu kinaitwaje?

Sitarudi Juni. Sanduku lenu wekeni nguo za mtu mwingine. Majibu yakitoka Nairobi sitaenda, nitakaa hapa niuze soda mpaka mwakani niombe upya. Usiniandikie.

Brendah


Butula,
20 Julai 2025

Brendah,

Uliniamuru nisiandike. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza, kwa hivyo huwezi kuniamuru juu ya kalamu.

Mvua imepungua. Kukhu ni mzima wa mwili. Alinilazimisha nimsomee barua yako yote, na niliporuka mahali akajua nimeruka. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula na kuondoka. Nakula nikiangalia ukuta. Uniambie kama hilo nalo unalifurahia.

Majibu umeyaona kabla yangu. Isidori! Nilifikiri mashine imekosea. Nikamwita Geoffrey, nikamwambia apige simu, apige kelele, afanye kitu, si ana digrii? Akaketi. Akaniambia, "Baba, mashine haijakosea. Nilienda saiba, nikafungua, nikaangalia jina la kile chuo chake, nikafunga. Sikugusa kitu." Nikamuuliza kwa nini basi alinidanganya usoni. Akasema, "Mimi nilikwenda mahali ulipotaka. Nikarudi na nini?" Kisha akachukua mashine zake za kunyolea akaenda kazini, polepole, bila kuogopa.

Nimedanganywa katika nyumba yangu, na mwanangu, na mjukuu wangu, na Terry ambaye nilimwamini, na mke wangu aliyejua unalala kwa mama yako, maana nimeuliza na alijua! Mimi peke yangu ndiye sikujua kitu katika boma ninaloitwa mwenyewe. Nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Hakuna aliyekuja kukiokota.

Sasa nisikie, kwa sababu nitaandika hili mara moja. Mambo ya takwimu hata mimi siyajui. Hata mimi sijui wanashika nini. Lakini mtoto akienda Nairobi anakaa kwa watu. Chuo kikifunga anafunga sanduku anarudi nyumbani, na nyumbani ni hapa. Geoffrey alirudi kila likizo, amekonda, ananuka jiji, lakini alirudi. Wewe ukienda Chakol, chuo kikifunga utakuwa umeshafika. Sanduku utafunga uende wapi? Nilijua siku utakayokula kwa mama yako hutatamani tena ugali wetu. Makokha aliniachia mtoto mmoja. Nikakupa sehemu yake mbele ya watu ili kila mtu ajue uko wa hapa, na wewe mwenyewe ujue. Ndiyo sababu. Sikutaka kuiandika, sasa nimeiandika, na bado nimekasirika.

Sweta niliipokea. Uliivaa mpaka mikono ikabana. Sikukuambia ilitoka wapi.

Nenda kwa mbuzi wako.

Wabwire


Chuo cha Mtakatifu Isidori, Chakol,
14 Septemba 2025

Babu,

Nimerudia kukuita Babu, lakini usidhani hasira imeisha. Mulembe kwako na kwa Kukhu. Mwambie Anko Geoffrey sina maneno, nitayatafuta nikimwona, na kwamba yale ya picha na kinyozi yameniuma mimi kuliko yeye. Huku tunaamshwa na nguruwe. Maji ni ya kuchota, bweni linavuja pembeni, na chakula ni maharagwe mpaka maharagwe yenyewe yametuchoka. Bi Ekwaro amenifanya nichome sindano chungwa, kisha kuku aliyekufa, kisha mbuzi aliye hai. Sindano iliingia mara moja. Sijajuta hata siku moja.

Barua yako niliisoma nimesimama zizini, nikaanza kukasirika upya. Kwa hivyo ndiyo hiyo? Tangu Machi tumepigana juu ya takwimu ambazo hakuna mtu kati yetu anazijua, na kumbe ulikuwa unaogopa likizo! Si ungesema? Ungeandika mstari mmoja, "Brendah, utarudi?" ningekujibu kabla Chrispine hajageuza gari. Badala yake ukanifanya mimi niwe mwizi wa firigisi, ukamtuma Anko awe mwizi wa nywila. Na nani alikuambia mimi ni mtu wa kusahau nyumbani kwa sababu ya sufuria moja ya chakula? Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ulinilea wewe. Kama mimi ni wa kusahau, ulinifundisha wewe.

Acha nikuambie kilichotokea siku ya kufungua. Wageni wote tulisimamishwa mbele ya wazazi, kila mmoja aseme jina na kwao. Karibu wote ni wa huku Teso, wanataja Amukura, Kolait, Chakol hapa hapa. Zamu yangu ikafika. Nikasema naitwa Brendah Makokha, kwetu ni Marachi, kwa Mzee Wabwire. Sikufikiri, ilitoka tu. Mama alikuwa ameketi nyuma na gauni lake jipya la gomesi alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo. Alipiga makofi pamoja na wengine. Lakini tulipokuwa tukirudi kwake, maana bweni lilifunguliwa kesho yake, alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, na usiku nilimsikia hajalala.

Kwa hivyo umeona? Nikimfurahisha mmoja nimemchoma mwingine. Mimi nimechoka kuwa shamba la mpakani! Nimechagua chuo, nimetukanwa, nimelia, nimechagua. Kuchagua kati yenu sitachagua.

Tunafunga Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Jumamosi nakuja Butula na sanduku langu, na Mama ananisindikiza. Hataki, anaogopa, nimemlazimisha. Atafika mpaka getini. Ukimwambia mtu yeyote kwamba hakuna mtu nyumbani, ama ukimwacha asimame nje hata muda wa kumwaga maji, nitageuka naye hapo hapo, na hofu yako uliyoiandika itakuwa imetimia, na si Chakol itakuwa imeitimiza.

Mimi nimechagua yangu. Sasa ni zamu yako, Babu. Chagua.

Brendah


Butula,
16 Novemba 2025

Brendah,

Kukhu anaongea tena, na anaongea sana. Mvua ya vuli imekata barabara karibu na daraja, mwambie Chrispine apitie juu.

Sijasema nimekikubali chuo chenu. Ni kidogo na kitabaki kidogo. Wewe pia una mdomo mrefu, na barua yako ya Septemba ina maneno ambayo mtoto hamwandikii mzee. Wazee wenzangu wamekuja kuniuliza ni desturi gani hii, mjane aliyekataa kurithiwa kurudi bomani. Nikawaambia waniachie boma langu. Hawakunywa chai. Sasa kanisani wanaoangalia sanamu ya Yosefu wamekuwa wengi, itabidi padri aongeze sanamu.

Nyumba ya baba yako niliifunga kwa kufuli mwaka ule mama yako alipoondoka. Jana nimemwambia Geoffrey aifungue, Kukhu afagie. Ufunguo ulikataa kuzunguka, kutu imekula yote. Geoffrey akaivunja kufuli kwa nyundo. Nyingine sijanunua, na sitanunua.

Mwambie Benedetta asisimame getini.

Wabwire